UZI: Mkataba wa Mwambao wa 1895 haukuwa wa miaka 99. Tuusome vizuri

Kaskazi (mleta uzi)

Salaam wanajamvi. Kuna andiko linazunguka tena kwenye simu likidai Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Waingereza Mwambao wa Kenya, ule ukanda wa maili kumi, kwa miaka 99, na kwamba muda umekwisha, kwa hiyo Pwani haina mwenyewe. Wengine huhesabu miaka 50 kuanzia 1963, wakaangukia 2013. Vijana wanabeba hesabu hizi kama hoja ya kisheria, kisha wanavunjika moyo wakikutana na mtu aliyesoma karatasi yenyewe. Ni bora tuisome sisi kwanza.

Mkataba ulitiwa saini 14 Desemba 1895, kati ya Sultani Hamed bin Thuwaini na Arthur Hardinge kwa niaba ya Serikali ya Uingereza. Hauna idadi ya miaka. Si 50, si 99, si 100. Sultani alikubali, kwa niaba yake na warithi wake, kwamba utawala wa milki zake za bara na visiwa vya karibu, ukiacha Unguja na Pemba, ukabidhiwe maofisa watakaoteuliwa na Uingereza. Wakapewa serikali na hukumu, ushuru wa forodha, kodi, ardhi ya umma na madini. Kilichobaki kwa Sultani ni enzi, yaani nchi kuhesabiwa ni yake. Ndiyo maana bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu pale Mombasa, huku gavana anakaa Nairobi. Mambo ya dini ya Kiislamu yalitakiwa yaendeshwe kwa heshima na manufaa ya dini, na mila za zamani ziachwe.

Miaka 99 naona imetoka Hong Kong. Kule Uingereza ilikodi eneo la bara mwaka 1898 kwa miaka 99, likarudishwa 1997. Hapa kwetu hakuna tarehe ya namna hiyo, na hilo ndilo lililozaa utata wote wa 1961 hadi 1963. Pango lenye tarehe hungojewa limalizike. Pango lisilo na tarehe halimaliziki hadi wahusika wakae walivunje, na kwanza wagombane juu ya nani hasa ni mhusika.

Mwanagenzi

Shukran mkuu. Lakini kabla ya 1895 si palikuwa na mkataba wa miaka 50?

Kaskazi

Ndio, ila huo ni mwingine. Tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash aliipa haki ya kuendesha ukanda huo jumuiya ya Mackinnon, iliyopata hati ya kifalme 1888 ikawa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Huo ndio ulioanza na miaka 50. Kampuni ikaishiwa fedha, ikavuliwa haki zake 1895, na mkataba wake ukafa nayo. Usingekufa, hiyo miaka 50 ingeishia 1937.

Daftari

Naongeza hesabu ya pango, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui na linauma.

Malipo yalikuwa £17,000 kwa mwaka, lakini namba hiyo ni vipande viwili vilivyounganishwa. £11,000 ndiyo pango lenyewe. £6,000 ni faida ya asilimia 3 juu ya £200,000. Hiyo £200,000 ilikuwa ya nani? Ya Sultani mwenyewe. Mwaka 1890 Ujerumani ilinunua moja kwa moja pwani ya Tanganyika kwa alama za Kijerumani (mark) milioni 4, ambazo kwa thamani ya wakati ule ni £200,000. Fedha hiyo ilikuwa mali ya Zanzibar. Mwaka 1895 ilipobidi Kampuni ilipwe ili iondoke, ikalipwa £250,000: £50,000 kutoka hazina ya Uingereza, na £200,000 kutoka fedha ile ya Zanzibar.

Kwa hiyo Sultani aliinunua upya haki ya pwani yake kwa fedha aliyopewa kwa pwani nyingine, kisha mwaka huohuo akaikabidhi kwa Uingereza. Zile £6,000 za kila mwaka hazikuwa ukarimu wa mtu. Zilikuwa faida ya fedha yake.

Jahazi

Daftari umenikumbusha jambo. Tukiangalia Mwambao wa Kenya peke yake hatuelewi. Milki ya Sultani ya bara ilikatwa vipande vitatu, na kila kipande kilipita njia yake.

Cha kusini Wajerumani walikikodi 1888 kwa miaka 50, vikatokea vita vya Abushiri, na 1890 wakakinunua. Bandari za Benadir huko kaskazini, Mogadishu, Merka, Barawa na Warsheikh, zilikodishwa Italia mwanzoni mwa miaka ya 1890, na 1905 Italia ikazinunua kwa £144,000. Cha katikati, kuanzia mpaka wa Vanga hadi Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, hakikuuzwa. Kikabaki kwenye pango kwa miaka 68.

Uingereza haikuwa na haraka ya kununua kwa sababu Zanzibar yenyewe ilikuwa chini ya himaya yake tangu 1890. Mwenye nyumba na mpangaji walikuwa mfuko mmoja. Utata ulianza pale wote wawili walipokaribia uhuru kwa wakati mmoja, kila mmoja na serikali yake.

Ramani_Kuu

Nami nizungumzie hiyo maili kumi, kwa maana watu huitaja kama vile ina ukuta.

Chimbuko lake ni makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, ambayo Sultani alilazimika kuyakubali. Walimpimia upana wa maili kumi za baharini kutoka ufukweni, sawa na kilomita 18.5 hivi, basi. Mstari haukufuata mto, kilima wala mipaka ya watu. Unakata nchi ya Mijikenda, yale makabila tisa ya Pwani, katikati: kaya (makazi yao ya kale ya msituni) huku, mashamba kule. Mwaka 1920 Waingereza walipoibadilisha bara kuwa Koloni ya Kenya, ukanda huu ukabaki Himaya ya Kenya. Ukisafiri kwa reli kutoka Mombasa ulikuwa unavuka kutoka nchi ya Sultani kuingia nchi ya Mfalme wa Uingereza kabla hujafika Mariakani, na huoni alama ya maana.

Sasa fikiria kuutenga ukanda huo uwe nchi. Maji ya bomba ya Mombasa tangu miaka ya 1950 yanatoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo, mbali kabisa na maili kumi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 inaishi kwa mizigo ya bara na Uganda. Bandari ya Kilindini ndiyo mali kubwa ya ukanda, lakini mizigo yake haianzii wala haiishii ndani ya ukanda. Mwenye Mombasa bila bara ana gati bila shehena, na mwenye bara bila Mombasa ana shehena bila mlango. Ndiyo maana vyama vya KANU na KADU, vikubwa vya Kenya wakati ule, waliokuwa hawakubaliani karibu kwa kila kitu, hapa walisimama pamoja: ukanda hautoki.

Mwanagenzi

Kwa hiyo 1961 watu wa Mwambao walikuwa wanataka nini hasa? Maana husikia "walitaka kurudi Zanzibar".

Bi_Mkubwa

Si wote, mwanangu, wala si kitu kimoja. Tusiwafanye kuwa sauti moja.

Wapo waliotaka ukanda urudi kwa Sultani. Wapo waliotaka Mwambao ujitawale wenyewe. Kulikuwa na Mwambao United Front na Coast People's Party, na Sheikh Abdilahi Nassir alikuwa miongoni mwa waliotetea jambo hilo hadharani. Na upande mwingine Wamijikenda wengi, ambao Ronald Ngala ndiye alikuwa kiongozi wao mkubwa, waliona kurudi kwa Sultani ni kuwarudishia mashamba na madaraka watu walewale waliokuwa mabwana wa zamani. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Chini ya mkataba, liwali na mudiri, yaani watawala wenyeji wa miji na vitongoji, walitoka katika tabaka la Waarabu na Waswahili wa mji. Anayesimulia Mwambao bila kutaja utumwa na mashamba anasimulia nusu.

Mwaka 1961 Uingereza na Sultani walimteua kwa pamoja Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aje asikilize watu. Ripoti yake ilitoka mwishoni mwa mwaka uleule. Akapendekeza mkataba wa 1895 uvunjwe na ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, lakini kwa kinga: kadhi, sheria ya Kiislamu katika mambo ya ndoa na mirathi, na hati za ardhi. Kujitawala peke yake alikukataa, na sababu ni hizohizo alizozieleza Ramani.

Shauri_Moyo

Samahani, mimi naona Sultani alituuza. Alichukua fedha akaondoka. Kura ya maoni haikupigwa.

Kaskazi

Ndugu, kura ya maoni haikupigwa kweli, na hilo ni dai zito ambalo silipuuzi. Watu wa ukanda walisikilizwa na Robertson na wakapeleka wajumbe London 1962, lakini kusikilizwa si kuamua. Waliotia saini ni pande nne.

Ila neno "kuuza" linatupoteza, kwa sababu mtu akilitumia huanza kutafuta hati ya mauzo na haipo. Kilichopo ni karatasi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni barua za 5 Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Humo mna ahadi. Ya pili ni makubaliano ya 8 Oktoba 1963 kati ya Uingereza, Sultani Jamshid bin Abdullah, Kenya na Zanzibar. Haya ni mafupi mno: siku Kenya itakapopata uhuru, Himaya ya Kenya itaacha kuwa milki ya Sultani na itakuwa sehemu ya Kenya, na mkataba wa 14 Desemba 1895 utakoma. Siku hiyo ikawa 12 Desemba 1963. Hakuna kifungu kinachosema ukanda utarudi baada ya miaka 50.

Ahadi za barua zilikuwa tano. Uhuru wa dini, hasa kwa Waislamu. Mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yalindwe. Katika sehemu zenye Waislamu wengi, maofisa wa utawala wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na ruzuku za skuli zao za msingi ziendelee. Na hati za umiliki kamili wa ardhi zilizokwisha sajiliwa Pwani zitambuliwe wakati wote, isipokuwa ardhi ikihitajika kwa matumizi ya umma, na hapo mwenyewe alipwe fidia kamili bila kuchelewa.

Tazameni maneno "kadiri itakavyowezekana". Yamo kwenye maofisa na kwenye Kiarabu. Hayamo kwenye ardhi.

Jahazi

Na hesabuni siku. Kutoka barua za 5 Oktoba 1963 hadi mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari 1964 ni siku 99. Serikali ya Shamte aliyepokea ahadi ikaanguka, Sultani akakimbia, na Aprili 1964 Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Kwa kanuni za mikataba ya mataifa, mwenye haki ya kulalamika kwamba ahadi haikutimizwa ni yule aliyeahidiwa au mrithi wake, na hapo mrithi ni Tanzania. Mkazi wa Malindi au Lamu si upande wa barua ile. Hilo ndilo kosa kubwa la namna ahadi zilivyofungwa: zilitolewa kwa ajili ya watu, zikaandikiwa serikali ya nchi nyingine.

Kinga ya pili ilikuwa katiba ya majimbo, iliyoipa Pwani baraza lake. KADU ikajivunja Novemba 1964, na Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964 majimbo yakafutwa. Ndani ya mwaka mmoja kinga zote mbili zimeondoka.

Wakili_Pwani

Isipokuwa moja, Jahazi. Makadhi walibaki kwa sababu waliingizwa ndani ya katiba, hawakuachwa kwenye barua tu. Katiba ya zamani, kifungu cha 66, ilisema wazi kwamba hakuna sehemu ya iliyokuwa Himaya itakayokosa mamlaka ya mahakama ya kadhi. Huo ulikuwa mkataba wa 1895 ukiendelea kupumua ndani ya katiba ya jamhuri.

Mei 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na misingi mingine ya katiba. Miezi mitatu baadaye ikaja katiba mpya, na makadhi wamo kwenye ibara ya 170. Maneno ya "Himaya" hayamo tena. Mamlaka yao ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na ni pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kushitakiana hapo. Hilo la mwisho husahaulika: mrithi mmoja akikataa, kadhi hana nguvu juu yake, na kesi huishia Mahakama Kuu.

Kuhusu uraia pia kuna maneno mengi yasiyo sahihi. Wakazi wa ukanda hawakuwa raia wa Koloni, walihesabiwa watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza. Katiba ya 1963 iliwataja watu hao kwa jina: aliyezaliwa Kenya, akiwemo wa ukanda, na mzazi wake mmoja alizaliwa Kenya, akawa raia moja kwa moja siku ya uhuru. Asiye na mzazi aliyezaliwa Kenya alihitaji kujiandikisha, na muda ulikuwa miaka miwili. Familia nyingi zenye asili ya Hadhramaut au India ziliingia kwenye tundu hilo.

Shauri_Moyo

Na ile kesi ya "Pwani si Kenya"? Si mahakama iliwapa haki?

Wakili_Pwani

Kundi la MRC (Mombasa Republican Council), lenye kaulimbiu hiyo ya "Pwani si Kenya", lilipigwa marufuku 2010, na 25 Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku kwa kuwa ilikiuka katiba. Kilichoamuliwa ni marufuku, si mipaka. Ibara ya 5 ya katiba inasema Kenya ni eneo na bahari iliyokuwa Kenya siku katiba ilipoanza kutumika, na siku hiyo ukanda ulikuwa ndani.

Bi_Mkubwa

Naomba sasa tuje kwenye ardhi. Bendera imekwisha, ardhi haijaisha. Mtu anayefukuzwa shambani Kilifi leo haondolewi na mkataba wa 1895. Anaondolewa na sheria ya hati za ardhi ya 1908.

Sheria hiyo ilifanya hivi. Kila anayedai ardhi ndani ya ukanda alete dai kwa ofisa wa kuandika hati. Dai likithibitika, anapewa hati ya umiliki kamili. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Kwa karatasi inaonekana ni haki. Lakini dai lilikuwa la mtu mmoja mmoja, lenye mipaka na ushahidi wa kumiliki. Wenye miji waliokuwa na waraka wa kadhi, wosia au hati ya mauzo, waliweza. Mijikenda walioshika ardhi kwa ukoo na kaya hawakuwa na karatasi ya namna hiyo, na wengi hawakujua kwamba kunyamaza ni kupoteza. Wakaendelea kulima palepale na kuzikana palepale, na jina kwenye daftari likawa la mtu aliye Mombasa, Unguja au Maskati. Watoto wao ndio tunaowaita maskwota.

Kisha 1963 ikaja ahadi kwamba hati zilizosajiliwa zitatambuliwa wakati wote. Ahadi hiyo ilikusudiwa kuwatuliza Waarabu na Waswahili wasinyang'anywe. Athari yake ikawa kuligandisha daftari la 1908 jinsi lilivyo, na dosari zake zote. Kwangu mimi hiki ndicho kifungu kimoja cha barua kilichotimizwa barabara, na ndicho kilichoumiza watu wengi zaidi.

Daftari

Bi Mkubwa umesema kweli. Nitaje na mlango wa kisheria uliofunguliwa: Sheria ya Tume ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 15, kuhusu dhulma za kihistoria. Inahusu madai yaliyotokea kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Waliotunga waliweka mwanzo pale utawala wa Kampuni ulipokoma na Himaya kuanza, kwa hiyo madai ya sheria ya 1908 yanaingia. Tatizo ni kwamba kifungu kiliweka muda wa miaka 5 wa kuleta dai, na jamii nyingi zilikuwa bado zinatafuta ramani.

Mwanagenzi

Swali la mtu anayetaka kununua: nitajuaje kama kiwanja kimetokana na hati za 1908?

Wakili_Pwani

Angalia namba. Hati za zamani za Pwani hubeba namba ya daftari la Mombasa inayoanza na C.R., na kiwanja huandikwa kwa sehemu, mfano Section I MN, yaani bara ya kaskazini ya Mombasa, au MS kwa bara ya kusini. Sheria ya 1908 ilifutwa 2012 lakini hati zake hazikufa. Zinabadilishwa kuingia mfumo mpya, kwa hiyo ukipewa namba mpya omba ya zamani pia uoanishe.

Fanya upekuzi rasmi kwenye masjala, usitosheke na nakala ya muuzaji. Soma historia yote nyuma, si mwenye hati wa sasa tu. Pengo la miaka mingi kati ya mmiliki wa kwanza na wa pili mara nyingi lina mirathi isiyogawanywa, na mrithi aliyeachwa hujitokeza baada ya wewe kujenga. Linganisha ramani ya hati na mawe ya mpaka pamoja na mpimaji. Kisha nenda kiwanjani uulize nani anaishi, tangu lini, na nani alizikwa hapo. Makaburi na minazi ya zamani ni ushahidi mahakamani, hata daftari likinyamaza.

Mwanagenzi

Na zile nyumba za mtaa wa Majengo, Mombasa, ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi?

Bi_Mkubwa

Nyumba bila ardhi. Hiyo ni mila ya Pwani yenyewe: jengo au mnazi una mwenyewe, udongo una mwenyewe. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na nyumba yake anaweza kuiuza, kuirithisha au kuipangisha. Sheria ya 1908 iliitambua mila hiyo kwa kutoa cheti cha maslahi kwa mwenye nyumba au miti iliyo juu ya ardhi ya mwingine. Sheria ya Kiingereza haitaki hivyo, kwake jengo hufuata ardhi.

Ukinunua nyumba ya namna hiyo, dai risiti za kodi ya kiwanja mfululizo, na upate barua ya mwenye ardhi inayokutambua kwa jina. Na mwenye ardhi akiuza, mnunuzi mpya asipotaka kupokea kodi, usiache kulipa. Iweke mahakamani mwezi kwa mwezi, kwa sababu jambo la kwanza atakalodai ni kwamba uliacha.